Bomba Tumenunua, Mtaro Je?

Fundi wa nne aliomba kioo. Kioo cha kujitazamia, kile kidogo ambacho binti yangu hutumia kupaka wanja. Watatu waliomtangulia walikuja na waya mrefu wa kuzibulia, wakasukuma, wakavuta, wakatoa matambara na mafuta yaliyoganda, maji yakaenda, wakalipwa, wakaondoka. Baada ya wiki chache gali trepu ya jikoni ilianza tena kurudisha maji, na kabla ya adhana ya alfajiri harufu ilikuwa imeshaingia vyumbani. Mzee huyu hakushika waya. Alifunua chemba ya nyuma, karibu na choo, akamtuma kijana wake afunue ya mbele karibu na geti, mita 18 kutoka pale. Kijana akaweka tochi kwenye mdomo wa bomba. Mzee akapiga magoti, akakiteremsha kioo chembani kikiwa kimeinama, akaniita.

"Mama, njoo utazame. Unaona nini?"

Niliona mwanga, ila haukuwa duara. Ulikuwa mwembamba, umepinda, kama mwezi wa siku ya pili.

"Ukiona mwezi mpevu, bomba limenyooka," akasema huku akijifuta mikono. "Ukiona mwezi mchanga kama huu, limebonyea na limeshika maji. Hapa hata uzibue kila Ijumaa, mama, unamlipa mtu akupepee."

Nyumba yetu iko Upanga, imejengwa miaka ya 1950, na baba aliinunua ikiwa tayari na mikono mingi nyuma yake. Ni miongoni mwa nyumba chache za Dar es Salaam zilizobahatika kuunganishwa na bomba kuu la majitaka. Wakazi wengi wa jiji hili hawana bahati hiyo. Wana karo au shimo uani, na karo likijaa huita gari la kunyonya, au wanasubiri masika na kutapisha choo usiku mvua ikinyesha, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelikiri. Kwa hiyo najua kwamba kulalamikia bomba la Upanga ni kama kulalamikia kiatu mbele ya asiye na mguu. Lakini hata mwenye karo ana bomba linalotoka chooni kwenda karoni, na ninachotaka kusema kinamhusu na yeye.

Tulichimba siku mbili. Mabomba ya zamani yalikuwa ya udongo wa kuchoma, rangi ya kahawia, ngozi yake inang'aa kama bakuli. Kila kipande kilikuwa kifupi, na upande mmoja kina mdomo mpana wa kumpokea mwenzake. Nilitarajia kukuta vigae vilivyopondeka. Mzee alikifuta kipande kimoja udongo, akakigonga kwa mpini wa nyundo, kikalia kama kengele.

"Hili halina kosa," akasema. "Linanizidi umri, na meno yake yote anayo."

Nilicheka kwa jinsi alivyolipandisha bomba hadi kuwa mtu. Lakini alikuwa na haki. Udongo uliochomwa vizuri hauli kutu, na asidi haiushiki. Gesi ya majitaka yenye harufu ya yai viza hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hutafuna dari ya mabomba ya zege na kuta za chemba. Udongo wa kuchoma unaitazama tu. (Nikiwa hapo kwenye gesi: usimwache mtu aingie ndani ya chemba ndefu au karo kwa sababu "harufu imeisha". Gesi ikizidi, pua huacha kuinusa. Wengi wamefia humo, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kumwokoa wa kwanza.)

Kosa lilikuwa kwenye maungio. Enzi zile kiungo kilijazwa kamba iliyolowekwa lami, kisha kikazibwa kwa saruji. Saruji ikishakauka haina subira. Ardhi ikicheza kidogo tu, kiangazi ikinywea na masika ikivimba, saruji hiyo inapata ufa wa unene wa unywele. Ufa huo ni mdomo wa kutosha kwa mti. Mwarobaini wetu, ambao bibi aliusifu kwa dawa maisha yake yote, ulikuwa umepenyeza uzi mmoja wa mzizi kwenye kiungo cha tatu, na ulipofika ndani, penye maji na mbolea ya bure, ukajitanua ukawa ndevu za shehe. Karatasi zinanasa hapo, mafuta yanashikana na karatasi, na mzibuaji anapata chakula cha watoto.

Hata hivyo mizizi siyo iliyouchora ule mwezi mchanga. Katikati ya mstari, chini ya njia ya gari, tulikuta kipande cha plastiki ya kijivu, mita mbili na ushei. Mtu kabla yetu alishafanya ukarabati. Bomba lenyewe lilikuwa zima, halina ufa, hata maandishi ya kiwandani yalisomeka ubavuni. Lakini lililazwa juu ya vipande vya matofali huku na huku, katikati hewa na udongo mtupu, likabonyea kama kitanda kilichovunjika chaga. Ncha zake mbili zilikuwa zimeunganishwa na udongo wa zamani kwa bonge la saruji, na mabonge yote mawili yalikuwa yameachia. Yaani sehemu mbovu kuliko zote ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote.

Niliitazama plastiki ile muda mrefu. Mwenye nyumba aliyeilipia bila shaka alilala usingizi mzuri siku ile. Alinunua bomba jipya. Hakununua mtaro.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na si na mafundi peke yao. Ni na sisi tunaowalipa. Ukienda Gerezani utakuta mabomba ya PVC yamepangwa kama mabua, ya kijivu na ya rangi ya chungwa iliyofifia, na utashika, utabonyeza, utauliza klasi, utapatana bei mpaka muuzaji achoke. Bomba ni kitu cha kuonekana. Ukirudi nyumbani unalisimamisha ukutani, na majirani wanajua unakarabati. Lakini muulize mwenye nyumba yeyote aliyebadilisha bomba mwaka huu alilaza juu ya nini, atakutazama. Kwenye karatasi ya makadirio aliyoletewa kuna bomba, elbo, tii, gundi, na "ufundi". Mchanga haumo. Kokoto haimo. Siku ya kupima haimo. Mchimbaji analipwa kwa kupatana kazi nzima, basi anachimba mpaka pale mgongo wake unapokubali, na fundi anafuata kina cha mgongo wa kibarua.

Plastiki siilaumu. Wajerumani walianza kulaza mabomba ya PVC ardhini miaka ya 1930, na ni nyenzo njema kweli: nyepesi, laini ndani, ndefu, kwa hiyo ina maungio machache, na kiungo chake chenye pete ya mpira hukubali ardhi icheze bila kupasuka. Henry Doulton, aliyeanza kufyatua mabomba ya udongo ya majitaka huko Lambeth, London, mwaka 1846, angeionea wivu ile pete. Ila udongo na plastiki havina tabia moja. Bomba la udongo ni gumu. Ukililaza vibaya litavunjika na kukwambia. Plastiki ni mnyenyekevu, inajipinda ifuate shimo ulilolichimba, na haisemi kitu mpaka miaka mitatu baadaye maji yanaporudi jikoni. Nyenzo inayosamehe zaidi ndiyo inayodai mlalo mzuri zaidi: mchanga au kokoto ndogo laini chini yake kwa kina cha sentimita 10 hivi, ukashindiliwa vizuri, na mwingine ubavuni na juu, kabla ya kurudisha ule udongo wenye vifusi. Udongo wa ua wetu ni mchanga juu juu, lakini chini ulijaa vipande vya zege na matofali ya ujenzi wa zamani. Jiwe moja la ncha chini ya bomba la plastiki, gari likipita juu kila siku, linafanya kazi ya tindo.

Kisha mteremko. Mafundi wa Kiingereza walikuwa na kanuni nyepesi ya kukaririka: inchi 4, moja kwa 40, inchi 6, moja kwa 60, inchi 9, moja kwa 90. Kwa mstari wetu wa inchi 4 wenye mita 18, maana yake mdomo wa mbele uwe chini kuliko wa nyuma kwa sentimita 45. Kanuni za siku hizi huko huko kwao huruhusu hata moja kwa 80 kwa bomba kama hilo, yaani nusu ya hapo, mradi kazi iwe safi. Nilimwambia mzee habari hiyo kwa kiburi kidogo cha aliyesoma. Akaniuliza:

"Hao choo chao wanavuta kwa nini?"

Swali lile lina uzito kuliko vitabu vyangu. Kanuni za zamani zilipangwa kwa choo cha kuvuta mnyororo, tangi la galoni 2, lita 9 hivi, zikishuka kwa kishindo kutoka juu ya kichwa. Kwetu, siku za mgao, choo kinapewa kopo mbili za maji na dua. Jikoni sufuria husuguliwa kwa mchanga au jivu. Maji machache, tena ya pole pole, na mzigo mzito. Mteremko ndio unaofanya kazi ambayo tangi halifanyi. Kwa hiyo sisi ndio hatuna ruhusa ya kubana sentimita, na sisi ndio tunaozibana. Mzee alipima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ncha moja huku na ncha nyingine kule, maana maji hayadanganywi. Kisha akafunga uzi kutoka chemba hadi chemba na kuufuata kama mshonaji.

Jirani mmoja alipita akashauri tuweke inchi 6, "tumalize kabisa". Ni ushauri unaosikika kila mtaa na una sura ya busara. Lakini maji yale yale ya kopo mbili yakiingia kwenye bomba pana hutandazika yakawa kama jasho kwenye sakafu. Hayana kina cha kuubeba mzigo, nao unabaki. Edwin Chadwick alilipigia kelele jambo hili London katika miaka ya 1840, kwamba bomba jembamba laini lenye maji yanayokimbia linashinda mfereji mpana wa matofali ambamo uchafu hulala. Miaka karibu 180 imepita na bado tunaamini kwamba choo kikiziba dawa yake ni upana.

Kuhusu kuunganisha jipya na la kale nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi akifika kwenye udongo wa zamani na plastiki mkononi, vipenyo havilingani. Nje ya bomba la udongo ni nene, plastiki ni nyembamba. Njia ya mtaani ni mbili: kuichoma ncha ya plastiki juu ya jiko la mkaa mpaka ilegee kisha kuilazimisha ivae lile jingine, au kuichomeka ndani na kuzungushia saruji. Ya kwanza huacha ukuta umekuwa mwembamba pale pale panapohitaji nguvu. Ya pili ni udanganyifu wa kistaarabu. Saruji haishiki ngozi laini ya PVC. Ili ishike lazima uipake gundi, uinyunyizie mchanga na uiache ikauke kwanza, na ni mafundi wachache wanaofanya hivyo. Tena plastiki hurefuka na kufupika kwa joto mara kadhaa kuliko saruji. Bomba la mita 6 lililoshinda juani saa sita mchana, kisha likafukiwa kwenye udongo wa baridi, linaweza kufupika milimita 7 hivi. Milimita 7 kwa mzizi wa mwarobaini ni lango la mji.

Kinachotakiwa ni kiungo cha mpira chenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu, kinachobana udongo upande huu na plastiki upande ule. Tulizunguka maduka siku nzima kukitafuta. Muuzaji mmoja aliniuliza, kwa upole wa kweli, "Dada, si upige tu saruji?" Mwishowe mzee akaamua jambo ambalo nadhani lilikuwa bora: hakuna kuunganisha. Tunabadilisha chemba hadi chemba, mstari wote, hata vile vipande vizima vya udongo vilivyolia kama kengele. Iliniuma. Lakini kiungo kati ya zama mbili kikikaa ndani ya chemba, kinaonekana kila unapofunua mfuniko. Kikikaa chini ya njia ya gari, kimeshakuwa siri. Kama huna uwezo wa kubadilisha mstari mzima, afadhali usubiri na uendelee kumlipa mzibuaji kuliko kutia kiraka katikati. Kiraka kile cha kijivu kilitugharimu zaidi ya mizizi.

Kuna njia ya tatu ambayo binamu yangu aliye Uingereza alinitumia video yake kwa bashasha: hakuna kuchimba. Soksi ya kitambaa iliyolowa gundi inaingizwa ndani ya bomba bovu, inapulizwa ikumbatie kuta, inaganda, unabaki na bomba ndani ya bomba. Mhandisi Eric Wood aliifanya London kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Ni ufundi mzuri kwa nyufa na mizizi, na barabara kuu zenye magari huwezi kuzichimba ovyo. Lakini soksi hufuata umbo la mwenyeji wake. Bomba likiwa limebonyea, soksi nayo itabonyea, na utakuwa umeuhifadhi mwezi mchanga kwa miaka 50 mingine. Teknolojia haikuondolei mtaro. Inakupa tu njia ya kutouangalia.

Mwaka huo huo wa 1971, huku kwetu, sheria ya kutwaa majengo iliyapeleka serikalini majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuingia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Siasa zake tuziache kwa leo. Ninachokiona ni kwamba katika mitaa kama yetu hati zilihama, funguo zikahama, wapangaji wakabadilika, na kwa nyumba yetu mchoro wa bomba haukuja na hati. Baba alipewa karatasi yenye mihuri ya kutosha kujaza bahasha, na hakuna hata moja inayosema maji yanatokea wapi. Mipaka ya kiwanja imepimwa kwa mawe yenye namba. Chini ya ardhi hakuna jiwe. Kila fundi anaanza upya kama mtafuta hazina, anatindua sakafu hapa, anakosa, anatindua pale.

Ningekuwa na sauti katika manispaa, ningedai mambo machache ya kawaida kabisa. Mtaro ubaki wazi mpaka upimwe: ziba mdomo wa chini, jaza maji mpaka chemba ya juu, subiri nusu saa, tazama kama yanashuka. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi bomba, na vijana wanatoka wanajua. Wanalisahau soko linapowafundisha kwamba hakuna anayelipia nusu saa ya kutazama maji. Mwenye nyumba naye aandike mtaro kwenye makadirio kama anavyoandika bomba, na amlipe mchimbaji kwa kina. Na fedha ya mwisho ibaki mfukoni mpaka kioo kiteremshwe. Kioo, tochi na kijana mmoja mwenye subira. Sioni kisingizio cha umaskini hapo.

Sisi tulipima siku ya tatu, jioni. Maji yalikaa. Kijana akaenda na tochi yake, mzee akaninyoshea kioo bila neno, nikainama. Mwanga ulikuwa duara, umejaa, ukingo wake umekamilika pande zote. Nilibaki nimeinama pale kuliko ilivyohitajika, mwanamke mzima anatazama bomba la choo na kutabasamu. Binti yangu alipiga picha mtaro wote na futi ya chuma ikiwa imetandazwa kando yake, kabla mchanga wa juu haujaletwa. Nikachora mchoro: kutoka kona ya jikoni mita 3.40, kutoka ukuta wa geti mita 1.15, kina hiki hapa, kina kile kule. Nimeugundisha ndani ya mlango wa kabati la vyombo, juu ya vikombe. Kioo chake binti yangu alikataa kukirudisha chumbani.

Wiki iliyofuata yule jirani wa inchi 6 alipiga hodi. Kwake nako maji yameanza kurudi, na amesikia kwamba kazi yetu imekwenda vizuri. Nikamkaribisha chai, nikafungua kabati nimwonyeshe mchoro, nikaanza na habari ya mchanga na ule uzi wa mzee. Alisikiliza kwa adabu mpaka kikombe kikaisha.

"Nashukuru sana, dada," akasema akiinuka. "Ila mimi nilitaka tu kujua, bomba lenyewe mlinunua la kampuni gani?"